Ufunguo wa Kijiti

Jumamosi, 1 Juni

"Andika kila ulipopita," Sumaku ameniambia, "la sivyo utakuwa unachimba palepale kama kuku." Sumaku ananunua vyuma chakavu. Kibanda chake kinatazamana na changu cha kuchonga funguo, na katika ujirani wetu wote sijawahi kusikia neno la maana likimtoka kabla ya saa sita mchana. Leo kapatia. Nimechukua daftari la dukani lililobaki kurasa, nimekaa kuandika.

Niandike na sababu basi, nisije nikajisahau. Binti yetu, Kijiti, alikwenda kuogelea na wenzake wa duka la dawa Jumapili moja ya mwezi wa Aprili. Wenzake walirudi. Walituletea nguo zake, viatu, mkoba, hata kitana. Yeye hakuonekana siku ile wala siku yoyote baadaye. Kitu kimoja tu hakikuwemo mkobani, nacho ni ufunguo wa nyumba. Aliuvaa shingoni kwenye mkufu kwa sababu alikuwa bingwa wa kupoteza vitu. Ufunguo huo niliuchonga mimi.

Tangu siku hiyo mama yake hajatia komeo mlangoni. Kitasa tunafunga, lakini komeo la ndani hapana, maana mwenye ufunguo akija atazuiwa na komeo. Wala halali kitandani. Anakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, anasinzia hapohapo, anashtuka, anasinzia tena. Miguu imemvimba. Mdogo wake ni nesi. Alimbonyeza juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo. Akanivuta jikoni akasema, "Shemeji, akiendelea kukaa hivi damu itaganda. Utampoteza na huyu."

Nimembembeleza mke wangu mpaka maneno yakaniishia. Jibu lake ni moja, na hulitoa bila hasira: "Niletee ufunguo wake. Siku utakayouweka mkononi mwangu nitajua hana tena cha kufungulia. Nitatia komeo, nitalala."

Ndiyo sababu Sumaku ameniazima mashine yake ya kutafutia vyuma mchangani. Sumaku anasema msimu huu wa dhoruba bahari inaukata ufuo na kutapika ilichomeza. Kesho naanza.

Jumapili, 2 Juni

Nimetoka alfajiri, maji yamekupwa. Mashine yenyewe ni fimbo yenye sahani chini, kisanduku juu, na vitu vya kuvaa masikioni. Unaipeleka sahani kulia na kushoto karibu na mchanga, nayo ikipita juu ya chuma inalia. "Msumari unakoroma," Sumaku alinifundisha, "shaba inapiga filimbi. Wewe sikiliza filimbi." Ufunguo wa Kijiti ni wa shaba.

Hakuniambia kwamba vishikizo vya makopo ya soda vinapiga filimbi vilevile. Hakuniambia kwamba mchanga uliolowa chumvi unalia bila kuwa na kitu, kama mtoto anayedeka. Nimechimba mpaka mgongo ukagoma. Nimerudi na vishikizo mfuko mzima, risasi ya mshipi wa samaki, na kijiko.

Nilipoingia mke wangu alitazama mikono yangu kwanza, uso baadaye. Kisha akageukia mlango.

Jumanne, 4 Juni

Kapa.

Jumatano, 5 Juni

Kapa, na mvua juu.

Jumamosi, 8 Juni

Sarafu. Sumaku angeibusu. Mimi kwa hasira nimeirusha majini, halafu nikajiona juha, kwa sababu wiki ijayo nitaichimba tena.

Jumapili, 9 Juni

Leo nilipiga kelele ufukweni mpaka watu wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi wakasimama.

Filimbi ilikuwa safi, haikatiki. Niliipitisha sahani mara kadhaa na kila mara ililia mahali palepale. Nikapiga magoti, nikachota mchanga kwa chujio, nikatia mkono. Kidole gumba kikagusa kichwa cha ufunguo. Mimi sihitaji macho kwa ufunguo. Kabla sijautoa shimoni nilikuwa nimeshayapapasa meno yake, na nilijua: mdogo, wa kufuli, tena kufuli la bei rahisi. Lakini kelele ilikuwa imeshanitoka.

Nilibaki nimepiga magoti hivyohivyo mpaka wimbi likaja likanilowesha kiunoni. Nilitamani kumjua mwenye kufuli lile nimtukane yeye na mlango wake. Kumchukia mtu kwa sababu kapoteza ufunguo! Watu hao ndio walionilisha maisha yangu yote.

Nyumbani nilijikaza. "Nimepata mmoja," nikamwambia mke wangu, "si wake."

"Uso wako umeshasema," akajibu.

Jumatano, 12 Juni

Kapa.

Jumamosi, 15 Juni

Sikwenda pwani, dukani watu walikuwa wengi. Kijana mmoja kaniletea ufunguo nimchongee mwingine. Nikautazama, nikamuuliza wenyewe wa kiwandani uko wapi. Anao mkewe, yuko safari. Nikamrudisha. Alinuna sana. "Fundi, ufunguo si ufunguo tu?"

"Huu wako ni nakala," nikamwambia. "Nikichonga nakala kutoka nakala, kosa dogo la kwanza linazaa kosa la pili. Utaingia, lakini hautakuwa na adabu. Niletee mama yao."

Akaenda zake akinung'unika. Nimemwandika kwa sababu huu ndio muda pekee leo ambao sikuifikiria bahari.

Jumanne, 18 Juni

Jioni mke wangu amezima redio. Nilikuwa nasikiliza habari. Nilipouliza akasema ina kelele. Shemeji alipokuja naye akaambiwa apunguze sauti. Tukakaa watu wazima watatu kimya, kama tuko kwenye chumba cha mtihani, naye katega masikio upande wa mlango.

Niseme kweli, nilimkasirikia. Mimi ndiye ninayeinama kwenye mvua, yeye amekaa. Halafu nikaiona miguu yake na hasira ikanigeuka aibu.

Jumapili, 23 Juni

Nimemwona Sumaku ufukweni, upande wa mbali kwenye mawe, anapitisha mashine nyingine kuukuu. Kumbe anazo mbili! Mimi kanipa upande wa mchanga mtupu, yeye kachukua kwenye mawe ambako bahari inaficha pete za watu. Kila dhoruba ni sikukuu kwake. Akanipungia mkono. Sikumrudishia.

Mwanangu yuko humohumo ndani ya maji, na mwenzangu anaokota mapambo.

Jumatatu, 24 Juni

Kapa. Sumaku kanisalimia dukani, nimejifanya nachonga.

Jumamosi, 29 Juni

Dhoruba kubwa usiku wa kuamkia leo. Ufuo umekatwa kama mkate, ukuta wa mchanga umefika kifua changu, na chini yake mawe na matope meusi ambayo sijawahi kuyaona. Sumaku alisema kweli. Nilienda nikiwa na moyo mkunjufu kwa mara ya kwanza tangu nianze, nilimwambia mke wangu, "Leo leo." Hata akanitilia chai mwenyewe.

Nimepata bawaba ya dirisha, misumari mirefu, kitu kilichowahi kuwa saa, uma, na meno ya bandia yenye waya. Meno hayo niliyashika muda mrefu. Mwenye nayo huenda alikuwa anacheka na watoto wake majini yakamtoka, akaenda nyumbani kucheka bila meno. Au hakwenda nyumbani. Nikayarudisha shimoni nikayafukia vizuri.

Ile "leo leo" yangu sitairudia. Nilipoingia alikuwa amesimama.

Jumatano, 3 Julai

Kapa.

Ijumaa, 5 Julai

Kapa. Mlango wa nyumba umeanza kunywa maji ya mvua, unagusa kizingiti. Nitaupiga randa nikipata nafasi.

Jumapili, 7 Julai

Nilifika ufukweni nikakaa juu ya mawe bila kuiwasha mashine. Nilifanya hesabu ya kijinga: bahari yote hii, na kitu chenye urefu wa kidole. Nikawaza, labda mkufu haukukatika. Labda bado umo shingoni mwake, na ninachokiomba kila alfajiri ni kwamba umemtoka. Nikainuka, nikarudi. Leo nimetoka kapa bila hata kujaribu.

Alhamisi, 11 Julai

Kapa.

Jumapili, 14 Julai

Sumaku kaja kibandani na kopo la rangi, kalimwaga juu ya meza yangu. Funguo! Za nyumba, za makufuli, za sanduku, mmoja wa gari. Zote zimeliwa na chumvi, zingine nyembamba kama wembe.

"Tazama kama upo," akasema.

"Umezitoa wapi?"

"Kule kwenye mawe. Wewe mgongo wako haufai mawe, utavunjika kiuno. Nikaona nikupe mchanga, mawe niyafanye mimi." Alijikuna kisogo. "Nilitaka nikuletee ulio wenyewe, si takataka. Lakini nimeona siku zinakwenda."

Sikujua niweke wapi uso. Nimemchukia mtu huyu tangu mwezi uliopita kwa pete ambazo hakuzitafuta. Nilimwambia asante, ikatoka ndogo. Tukazipitia mmoja mmoja, mimi nikisoma meno kwa kidole, yeye akizirudisha koponi. Haukuwepo.

"Zikishakaa chumvini zote zinafanana," Sumaku akasema akiondoka. "Mtu asiye fundi hawezi kujua huu wa nani na huu wa nani."

Hakumaanisha chochote. Lakini nimerudi nayo nyumbani kauli ile.

Jumanne, 16 Julai

Kapa.

Ijumaa, 19 Julai

Leo nilidhani amekufa.

Nilirudi kutoka pwani, nikafungua. Ufunguo wangu huzunguka bila sauti, mara nyingi huwa nimeshasimama mbele yake kabla hajajua. Nikamkuta amelala sakafuni kando ya kiti, kanga imemvuka, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Nikatupa mashine. Nikamwita kwa jina lake la usichana, ambalo sijalitumia tangu tulipooana. Akafumbua macho akasema, "Nilisikia mtu," kisha akaanza kupumua kwa shida.

Shemeji alikuja mbio na sare za kazini. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukesha, akasema mguu wa kushoto una damu iliyoganda, akampa sindano, akampa na vidonge. Akaniambia mimi badala ya kumwambia mgonjwa: "Alale kitandani, miguu juu ya mto. Akirudi kukaa kwenye kiti hicho, kidonge changu ni kazi bure. Damu hiyo ikipanda kifuani hatutakuwa na la kufanya."

Tumerudi naye jioni. Nilikuwa nimetandika kitanda, nimepanga mito miwili. Alikitazama kitanda kile kama mgeni anayeonyeshwa chumba cha watu. Akapita, akaenda kukaa kwenye kiti.

Shemeji alilia mbele yake, akampigia magoti. "Dada, unajiua. Unajiua na sisi tunakutazama."

"Mume wangu anatafuta," akamjibu. "Akiupata nitalala. Nilishasema."

Shemeji akanigeukia. Yale macho yalitosha.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda alfajiri na mchana na jioni. Kapa, kapa, kapa. Mara ya mwisho nilikuwa natembea nalia na mashine inalia, watu wakatupisha.

Jumapili, 21 Julai

Nimefungua kibanda ingawa ni Jumapili, nikashusha pazia la turubai. Nimeuchonga.

Nilitumia ufunguo wangu, wa kiwandani, ndio mama yao. Nikachagua shaba ya aina ileile, nikaubana kwenye mashine, nikaupitisha taratibu. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Nilifikiri ingetetemeka, lakini mikono haina habari, yenyewe inajua kazi. Nikaupiga tupa kidogo kwenye kingo, nikaupiga msasa ufifie. Kisha nikauweka kwenye kopo lenye maji ya bahari, chumvi ya jikoni na siki, nikaongeza mchanga, nikatikisa.

Ni uongo. Najua ni uongo. Lakini Kijiti ndiye aliyekufa, na huyu ni mzima bado. Kama yupo atakayenihukumu, aje akae naye karibu na mlango ule.

Jumatano, 24 Julai

Umeanza kuwa na ukijani.

Ijumaa, 26 Julai

Nimekwenda pwani kama kawaida ili asishuku, nimetembea na mashine iliyozimwa. Ni ajabu, lakini leo ndiyo siku niliyochoka kuliko zote.

Jumapili, 28 Julai

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Nimerudi asubuhi, ufunguo mfukoni, mchanga kwenye kucha. "Nimeupata," nikasema. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo njia nzima, na bado yalitoka kama ya mtu anayeomba radhi.

Hakupiga kelele. Alisimama kwa miguu ile, akauchukua kiganjani mwangu, akaupeleka dirishani kwenye mwanga. Akaunusa. Ulinuka bahari, nilikuwa nimeunusa mwenyewe.

"Na mkufu?"

"Umekatika. Sikuuona."

Akatikisa kichwa polepole, machozi yakamtoka bila sauti. Nami, Mungu anisamehe, nilihisi mzigo unanishuka. Nilishaanza kufikiria nitandike shuka zipi.

Kisha akafungua mlango akatoka nje, akaufunga.

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Lakini sikuogopa. Kwa nini niogope? Ufunguo nimeuchonga kutoka ule wa kiwandani, hakuna fundi mjini angeuchonga vizuri zaidi. Nikiwa ndani nilisikia ukiingia. Ukazunguka kufunga, ukazunguka kufungua. Mlango ukafunguka kidogo, ukafungwa tena. Akafunga, akafungua. Mara ya tatu aliuzungusha taratibu sana, kama mtu anayebembeleza mtoto. Hakuingia mpaka nikamwita.

Akaingia. Akauweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Umeuchonga lini?"

Nilitaka kusema sielewi.

"Wa Kijiti haukuwahi kufungua hivi," akasema. "Ulikuwa unakwama tangu siku ya kwanza uliyompa. Anautia, anauvuta nje kidogo, anainua mlango kwa mpini, anapiga goti. Ndipo unakubali. Kila jioni, wewe bado uko dukani. Mimi nipo jikoni nasikia zogo mlangoni, najua mwanangu karudi. Siku nyingine namhurumia naenda kumfungulia."

"Mbona hamkuniambia?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Ni kazi ya dakika moja, mama. Ningeutengeneza."

"Alinikataza. Alisema, 'Mama, usimwambie baba, ataona aibu, fundi mzima. Mimi nimeshauzoea.'"

Hapo nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu nilikumbuka. Siku niliyomchongea Kijiti nilikuwa nimeusahau wangu nyumbani. Mama yake alipita dukani akaniazima wake, nao wenyewe ni nakala niliyomchongea miaka ya nyuma. Nakala kutoka nakala. Jambo ninalowafukuzia wateja. Na mtoto akabeba kosa langu shingoni miaka yote hiyo, akapigana na mlango kila jioni kwenye mvua na kwenye jua, ili mimi niendelee kujiona fundi.

Nilidhani mke wangu atanitukana. Ningependa anitukane.

"Nimeujaribu mara tatu," akasema. "Nilijua nikikutazama mikono tu nitajua, ndiyo maana nikatoka nje. Nilikuwa naomba ukwame. Hata mara moja. Ungekwama ningelala leo."

Akarudi kwenye kiti.

Jumatatu, 29 Julai

Sikwenda popote.

Jumanne, 30 Julai

Wala leo. Nilimdhania amechanganyikiwa na redio yake na kutega masikio. Kumbe alikuwa anasikilizia goti la Kijiti. Mimi katika nyumba yangu mwenyewe sikuijua hiyo sauti.

Alhamisi, 1 Agosti

Nilikaa kwenye mashine nikijaribu kuchonga ufunguo unaokwama kama wake. Nimeharibu shaba nyingi. Ama haziingii kabisa, ama zinazunguka vizuri. Mbaya wa namna ile haupatikani kwa kukusudia. Nimezitupa kwenye kopo aliloliacha Sumaku.

Jumapili, 4 Agosti

Nimerudi pwani. Mke wangu hakuniambia niende wala nisiende. Kapa.

Jumanne, 6 Agosti

Kapa. Mchanga unarudi. Ule ukuta uliokuwa kifuani sasa unafika gotini. Sumaku anasema dhoruba zimekwisha, bahari inafunika, kilicho chini kitakaa chini mpaka mwakani. Alisema akitazama pembeni. "Baki nayo mashine ukitaka," akaongeza. "Mimi sina haraka nayo."

Alhamisi, 8 Agosti

Kapa. Shemeji kasema mguu wa kulia nao umeanza.

Jumamosi, 10 Agosti

Mvua kubwa ya mwisho, bila upepo. Nilikuwa ufukweni tangu mchana. Niliamua iwe siku ya kufunga kazi, nikaupita ufuo wote tangu kwenye mawe. Mashine ililia mara nyingi na kila mara niliinama. Kila mara, hata sasa, kwa muda mfupi ule mkono ukiwa shimoni, niliamini. Msimu mzima sikuweza kujifunza kutoamini. Nimepata vishikizo na kipande cha waya.

Nilifika nyumbani jioni nimelowa chapachapa, mashine begani, chujio na mfuko mkononi. Nikatia ufunguo. Haukuzunguka. Mlango umevimba kwa mvua, nilisema nitaupiga randa na sikuupiga. Nikauvuta ufunguo nje kidogo, nikashika mpini nikauinua mlango, nikapiga goti.

Ndani kiti kilianguka. Nikasikia miguu, miguu ile iliyovimba, inakimbia. Mlango ukavutwa kabla sijazungusha.

Sura aliyokuja nayo naijua. Sijawahi kuiona kwa mtu, lakini naijua kwa ndani. Ndiyo ninayokuwa nayo nikiwa nimepiga magoti mchangani, filimbi inalia, vidole vimegusa kitu na macho bado hayajakiona. Kisha akaniona.

"Ni mimi," nikasema.

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, njiani, huku na huku. Mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na mtu.

"Mlango umevimba," nikasema. "Nisamehe. Sikufikiri."

"Naona."

Akanipokea mashine begani, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu kama kitu cha mgeni. Akafunga kitasa. Kisha akashika komeo. Lilikuwa halijasogezwa tangu Aprili, limeshika kutu, likagoma. Akalipiga kwa kiganja, akalipiga tena, nami nilisimama bila kumsaidia, mpaka likaingia. Alifuta mkono kwenye kanga, akaenda chumbani. Nikasikia kitanda kikipokea uzito wake.

Jumapili, 11 Agosti

Mke wangu amelala mpaka jua limepanda. Shemeji kaja na dawa, kamkuta kitandani, miguu juu ya mito miwili, akatoka chumbani akanikumbatia kwa nguvu. "Umemwambia nini, shemeji? Umefanyaje?" Nikamwambia sikufanya kitu.

Sumaku kaja kuchukua mashine yake. Aliuliza kwa macho, nikatikisa kichwa, akaipakia kwenye mkokoteni wake, akaondoka.

Mimi sikulala. Nilijaribu, nikashindwa, nikaja kukaa kwenye kile kiti cha mbao. Ni kigumu, sijui alikivumilia vipi. Komeo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Alfajiri, kabla hajaamka, nililiondoa.